Kadi ya PLC haitengenezwi tena: utafute mpya iliyolala, uchukue mtumba, utengeneze iliyokufa au ubadili mfumo mzima?

Hii ni kwa fundi umeme, meneja wa matengenezo au mtu wa manunuzi ambae kaambiwa na sapulaya kwamba kadi anayoitafuta ilishaachwa kutengenezwa na sasa hajui aelekee wapi. Huku Tanga jambo hili tunakutana nalo sana. Kuanzia Pongwe, Maweni mpaka Amboni, na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, unakuta mashine chuma chake bado kizima, mota zinazunguka, gia boksi haina shida, ila ukifungua paneli unakuta PLC (kompyuta ndogo inayoiongoza mashine) ya miaka mingi ambayo hata kitabu chake hakionekani tena.

Umri wa hivi vitu unajulikana. Siemens walitoa S5 mwaka 1979, S7 ikaja katikati ya miaka ya 90. PLC-5 ya Allen-Bradley ilitoka 1986 na Rockwell, wenye Allen-Bradley, wakaifunga rasmi 2017. Na hata S7-300 ambayo wengi wetu tumejifunzia na bado tunaiona ya kisasa, Siemens walianza kuiondoa sokoni Oktoba 2023, spea zake wamesema ni mpaka 2033. Mara nyingi kadi haiachwi kwa sababu ilikuwa mbovu, ni kwamba chipu zilizomo ndani viwanda vya chipu vimeacha kuzizalisha na mwenye kadi anaona hailipi kuichora upya.

Njia ziko nne: kununua mpya iliyolala kwenye stoo ya mtu, kununua mtumba, kuitengeneza hiyohiyo iliyokufa, au kuachana nayo ukahamia mfumo mpya. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile afu mwisho tuangalie hali yako ni ipi.

Tunapima nini

Watu wengi wanaanza na bei ya kadi na hapo ndo wanapopotea. Kigezo cha kwanza ni gharama yote mpaka mashine iwake, yaani kadi, usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18, wakala wa forodha, na saa zote ambazo laini imesimama. Chukua mfano tu: laini ikisimama saa moja mnapoteza shilingi milioni 1, na kadi ya bei poa inachukua siku 10 kufika. Hiyo ni saa 240, sawa na milioni 240 zimeondoka. Hapo kadi yenye bei mara tatu iliyokaa kwenye stoo ya mtu Mombasa, ambayo inaweza kuvuka Horohoro ndani ya siku mbili tatu, ndo rahisi kuliko ile ya bei poa. Hesabu hii kila kiwanda kifanye ya kwake, na ifanyike kabla mashine haijafa, manake usiku wa tukio hakuna mtu atakaekaa kupiga hesabu vizuri.

Kigezo cha pili ni muda. Cha tatu ni uhakika kwamba kinachokuja ndo kitu chenyewe na kinafanya kazi. Cha nne ni itadumu kiasi gani, kwenye paneli na pia kwenye stoo ikisubiri zamu yake. Cha tano, ambacho watu hukisahau kabisa, ni nani ataifunga na kwa vifaa gani.

Kabla hujachagua njia yoyote, programu iko wapi?

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo penye maumivu makubwa kuliko kadi yenyewe. CPU, yaani kadi ambayo ndo ubongo wa PLC, bila programu haikusaidii chochote. PLC nyingi za zamani programu inakaa kwenye RAM inayoshikiliwa na betri, sasa betri ikiisha na umeme ukakatika programu imeondoka, na kadi haina ubovu wowote, utatafuta spea ya kitu ambacho hakijaharibika. Betri hizi zibadilishwe kwa ratiba na zibadilishwe PLC ikiwa imewashwa, sio imezimwa. S7-300 za baadae hazina betri, programu inakaa kwenye kadi ndogo ya MMC, ila hiyo kadi usije ukaichomeka kwenye laptop ukaifomati kwa Windows, utaiua na PLC haitaisoma tena.

Na kuwa na faili hakumaanishi unaweza kuliingiza. S5 inataka kebo yake maalum inayotumia karenti ya miliampea 20, na STEP 5 ni programu ya enzi za DOS. PLC-5 nyingi zinaongea kwa DH+, mtandao wa zamani wa Allen-Bradley, ambayo laptop ya leo haina mahali pa kuichomeka. Kwahiyo ile laptop nzee yenye poti ya siriali na Windows XP, kebo zake na leseni zake, hizo ni spea kama spea nyingine, zipewe namba ya stoo, zifungiwe kabati, na mtu awe anaziwasha mara kwa mara kuhakikisha zinaamka. Nakala ya programu ikae sehemu mbili au tatu tofauti, na mojawapo iwe nje ya kiwanda.

Kama leo huna nakala, acha kusoma hapa kwanza nenda kachukue nakala, kadi baadae.

Njia ya kwanza: mpya iliyolala

Hii ni kadi ambayo haijawahi kutumika, ilinunuliwa ikabaki kwenye stoo ya dalali Ulaya, Dubai, China au hata Dar, boksi lake bado lipo.

Bei. Ndo ya juu kuliko kadi zote na inapanda kadri miaka inavyokwenda kwa sababu zinapungua na hakuna nyingine inayokuja. Nafuu unaipata ukiwahi ile nafasi ya oda ya mwisho, ambapo kampuni inatangaza kwamba mpaka tarehe fulani tunapokea oda na baada ya hapo basi. Tangazo hilo huwa linatoka mapema, wengi huku hatulioni kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kulifuatilia. Mpe mtu hiyo kazi, mara moja kwa mwaka apite kwenye orodha ya vifaa vyenu namba kwa namba aangalie kila kimoja kiko hatua gani.

Muda. Kwa kuria wa ndege mpaka Dar ni siku kadhaa, forodha inaweza kuongeza, afu kutoka Dar inapanda basi mnaipokea stendi ya Kange. Kuna jambo dogo linachelewesha mizigo sana, nalo ni betri ya lithiamu. Kadi ikitumwa na betri yake mashirika ya ndege yana masharti na mzigo unakwama. Mwambie muuzaji aitoe, betri tafuta kivyake. Pia ankara isiandikwe neno spea tupu, iandikwe kwamba ni moduli ya PLC na namba yake kamili ya oda, wakala wako ajue kwamba PLC zinaangukia kwenye kifungu cha forodha 8537, mabishano yanapungua.

Uhakika. Mzuri, lakini neno "mpya" kila mtu analitumia anavyotaka. Boksi lenye sili inayong'aa kwa kitu kilichoachwa kutengenezwa miaka 15 iliyopita lazima uulize sili hiyo imewekwa na nani na lini. Omba picha ya lebo ya kadi yenyewe, sio picha ya katalogi, na namba ya siriali isomeke. Ukiletewa kadi tano zenye siriali moja hapo hakuna mjadala, rudisha.

Kudumu. Hapa ndo watu wanadanganyika. Wazee walisema akiba haiozi, ila kapasita ya elektroliti inaoza, hata kama haijawahi kuona umeme. Kadi ya I/O (inputi na autiputi) ya kawaida haina shida kubwa, lakini pawa saplai na inveta (vifaa vya kuongoza kasi ya mota) zilizolala miaka mingi ndani ya boksi zinaweza kulipuka siku ya kwanza ukiziwasha kwa volti kamili. Angalia namba za tarehe kwenye chipu, nyingi zina tarakimu nne, mbili za mwanzo mwaka na mbili za mwisho wiki, kwahiyo 9834 ni 1998 wiki ya 34. Hiyo inakwambia umri halisi hata kama boksi linasema kingine.

Inamfaa nani. Kiwanda ambacho saa ya kusimama ni ghali, kina kadi chache ambazo zikifa kila kitu kinalala, na kina stoo nzuri ya kuzihifadhi.

Njia ya pili: mtumba

Bei. Hapa ndo kuna unafuu wa kweli, na tofauti na ile mpya inaweza kuwa kubwa sana. Ulaya na Marekani viwanda vinapobadilisha mifumo kadi zinazotolewa zinauzwa, kwahiyo kwa aina maarufu kama S7-300 na SLC 500 ya Allen-Bradley mtumba upo mwingi tu.

Muda. Sawa na njia ya kwanza, ila mara nyingi mtumba ndo unaopatikana karibu. Waulize kwanza mafundi wenzenu, kuna viwanda hapahapa na Dar na Moshi vimebadilisha laini na kadi za zamani zimelala kwenye kona, hakuna anaejua thamani yake mpaka aje mtu wa vyuma chakavu azipime kwa kilo. Inaniuma sana nikiona hivyo kwa sababu nusu ya shida zetu zingeishia hapo.

Uhakika. Unategemea muuzaji na maswali unayouliza. Usikubali jibu la "imetestiwa", uliza imetestiwa vipi. Aliiwasha tu taa ikawaka kijani, au aliifunga kwenye raki (fremu inayobeba kadi za PLC) akapima kila inputi na kila autiputi ikiwa na lodi? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Uliza gharantii ya muda gani na nani analipa usafiri wa kurudisha, kwa sababu kurudisha kadi Ujerumani kutoka Tanga kunaweza kula faida yote. Malipo usitume moja kwa moja benki kwa mtu usiemjua, pita njia ambayo hela yako inaweza kurudi.

Afu kuna suala la toleo, na hili linawakamata hata watu wazoefu. Jina la kadi linaweza kuwa lilelile na namba ya mwisho ikabadilika ikawa kitu kingine. CPU 315-2 DP yenye namba 6ES7 315-2AF03 inatumia betri, na CPU 315-2 DP yenye namba 6ES7 315-2AG10 haina betri ila haiwaki na programu mpaka iwe na MMC. Zote zinaitwa 315-2 DP. Ukinunua ya pili kuziba pengo la ya kwanza inawezekana kabisa, na pengine ni bora zaidi, ila lazima ufungue STEP 7, programu ya Siemens ya kuingilia PLC za S7, ubadilishe usanidi wa hadiwea na uwe na MMC mkononi. Ukigundua hilo saa nane usiku na faili huna, umekwama. Kwahiyo kwenye oda andika namba yote mpaka tarakimu ya mwisho na uulize pia toleo la fimwea, yaani programu ya ndani ya kadi yenyewe.

Kudumu. Kadi ya mtumba imeshaishi, hujui iliishi wapi. Iliyotoka chumba chenye hewa safi na iliyotoka kiwanda cha saruji hazilingani. Angalia vumbi lililogandia kwenye matundu, kutu kwenye pini, skrubu zilizochubuka, lebo mpya juu ya plastiki iliyokwisha kuwa ya njano. Hiyo ya mwisho ni dalili mbaya.

Inamfaa nani. Kiwanda chenye kadi nyingi za aina moja, bajeti ndogo, na fundi ambae anaweza kujaribu kila kinachoingia kabla hakijapanda rafu. Ukinunua mtumba usioujaribu ukauweka stoo miaka miwili, gharantii imeisha na hujui kama una spea au una boksi.

Njia ya tatu: kutengeneza iliyokufa

Bei. Kwa baadhi ya kadi ndo njia rahisi kuliko zote, kwa nyingine ni kutupa hela. Pawa saplai nyingi zinakufa kwa kapasita, fyuzi, au transista ya kuswichi. Kadi za autiputi zinakufa kwa rilei ndogo zilizochoka au transista iliyokula shoti ya koili ya nje. Skrini za zamani zinakuwa giza kwa sababu taa ya nyuma imeisha, skrini yenyewe nzima. Hayo yote fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri anayaweza, hata hapa Tanga wapo. CPU ni habari nyingine, ndani kuna chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni hiyo peke yake, huzipati dukani popote, na bodi ina tabaka nyingi ambazo ukizichoma vibaya wakati wa kulehemu kwa solda hairudi.

Muda. Ikitengenezwa hapahapa siku moja au mbili. Ikienda nje ni wiki, na kabla haijatoka ongea na wakala iandikishwe kama mzigo unaotoka kwenda kutengenezwa na kurudi, vinginevyo ikirudi inaweza kuhesabiwa kama umenunua kitu kipya.

Uhakika. Unabebwa na jambo moja: kuna raki ya kujaribia au hakuna. Fundi anaepima kwa mita juu ya meza akasema iko poa hajamaliza kazi. Kiwanda chochote chenye PLC za zamani kijitengenezee raki ndogo mezani, pawa saplai, CPU moja ya mtumba, swichi kadhaa za kuigiza inputi na taa kwenye autiputi. Haigharimu sana na inatumika pia kwenye njia ya pili na ya kwanza, kila kadi inayoingia inapita hapo.

Kudumu. Ukibadilisha kapasita zote za pawa saplai badala ya ile moja iliyovimba, unapata miaka mingine mingi. Tumia zinazovumilia nyuzi 105, sio 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kapasita ya elektroliti kila ukiipunguzia joto nyuzi 10 umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili, kwahiyo kusafisha feni na filta za paneli ni kazi ya spea vilevile.

Inamfaa nani. Kila mtu, kama njia ya ziada. Hata ukinunua nyingine usiitupe iliyokufa, itengeneze iwe spea. Ila isiwe njia yako pekee kwa CPU.

Njia ya nne: kubadili mfumo mzima

Bei. Kubwa, na kadi mpya ni sehemu ndogo tu. Kazi kubwa iko kwenye waya, michoro, kuandika programu upya, kusimamisha laini, kujaribu na kufundisha watu. Lakini bei hii unailipa mara moja, na njia nyingine tatu unazilipa kila mwaka huku zikipanda.

Muda. Miezi ya maandalizi, na siku za kusimama ambazo unazichagua wewe. Hiyo ndo tofauti kubwa, njia nyingine kadi ndo inachagua siku.

Uhakika. Mkubwa ukifanywa na mtu anaeijua mashine. Hatari yake ni programu ya zamani kuwa na vitu ambavyo havijaandikwa popote, taima aliyoiongeza fundi fulani miaka ya nyuma kuzuia mkanda usijikunje, ukiihamisha bila kumuuliza opareta utakuja kuijua siku ya kwanza ya uzalishaji. Opareta wazee washirikishwe tangu mwanzo, hasa wanaokaribia kustaafu.

Na sio lazima uhame kwa siku moja. Kwa PLC-5, Rockwell wana ControlLogix, PLC yao ya baadae, inayoweza kuendelea kuziongoza raki za I/O za zamani kupitia moduli ya mawasiliano, na wana vifaa vya kuhamisha waya ambapo ile mikono ya waya ya zamani inabaki ilivyo, inachomekwa kwenye kadi mpya. Kwahiyo unaanza na CPU, I/O zinafuata mwaka mwingine. Na jambo ambalo nadhani ndo la thamani kuliko yote: ukibadilisha laini moja, kadi zote zilizotoka zinakuwa spea za laini zilizobaki. Kiwanda chenye laini tatu zinazofanana kikibadilisha moja, mbili zilizobaki zimepata spea za historia inayojulikana, bila forodha, bila dalali.

Kudumu. Ndefu kuliko zote, mradi usinunue kitu ambacho nacho kiko karibu kuondolewa. Muulize sapulaya kwa maandishi bidhaa hiyo iko hatua gani ya maisha yake.

Inamfaa nani. Kiwanda chenye mpango wa kuendelea miaka mingi, au ambacho spea zake zimeshafika mahali pa kutafutwa kwa tochi.

Ukishapata, utaihifadhi vipi na hewa yetu hii

Tanga tuko baharini, hewa ina chumvi na unyevu, na masika ya Machi mpaka Mei ukuta wenyewe unatoa jasho. Kadi ikikaa wazi kwenye rafu ya chuma stoo moja na grisi na bolti, pini zitashika ukungu wa kijani hata kama hujaigusa. Iache kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, weka silika jeli, funga ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, afu silika jeli ikaguliwe na kubadilishwa. Kama stoo ina AC isiwe ya kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi, na kadi ikitoka kwenye ubaridi kuingia kwenye joto iache ndani ya mfuko wake ipate joto kwanza, ukiifungua palepale umande unatua juu ya bodi.

Inveta ziwe na kadi yake ya tarehe. Watengenezaji kama ABB wanataka kapasita za inveta iliyolala zaidi ya mwaka zirudishwe polepole kabla ya kupewa volti kamili, na njia rahisi ni kuiwasha kila mwaka kwa muda wanaoelekeza. Iliyolala miaka mingi ipandishwe volti taratibu kwa variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti), na ifanywe na mtu anaejua kwamba ndani kuna umeme wa DC unaobaki hata baada ya kuzima.

Betri usihifadhi ndani ya kadi. Ziweke kivyake, na tarehe.

Spea zikae kwako, kwa sapulaya au kwa pamoja na jirani?

Kukaa kwako ni haraka, ila hela imelala na utunzaji ni juu yako. Kwa sapulaya unalipia huduma na hela yako inabaki kuzunguka, lakini soma mkataba vizuri, anaahidi kadi iko rafuni kwa jina lako au anaahidi kuitafuta? Hivyo viwili havifanani. Njia ya tatu sijaiona ikifanywa sana na naitamani, viwanda viwili vitatu vya mkoa huu vyenye PLC za aina moja vikubaliane, kila kimoja kinunue kadi tofauti, na anaechukua anarudisha nyingine ndani ya muda waliopanga. Haihitaji mengi, inahitaji orodha ya wazi yenye namba kamili, karatasi iliyosainiwa na mabosi, na mafundi wanaopigiana simu. Kwa kadi ambazo zinakufa mara chache sana, kama moduli za mawasiliano, hii inaweza kuwa bora kuliko kila mtu kufungia ya kwake.

Idadi ya kuweka haitoki hewani. Anza na swali hili kwa kila kadi: ikifa usiku huu, nini kinasimama? Pawa saplai na autiputi ndo zinakufa zaidi, kwahiyo ukiwa nazo nyingi weka mbili za kila aina. CPU hata kama iko moja tu kiwanda kizima, weka moja, ikiwa imeshaingizwa programu na kuandikwa ya mashine gani na tarehe gani.

Kwa hali yako

Kama laini imesimama sasa hivi, tuma watu njia mbili kwa pamoja, mmoja anapeleka kadi kwa fundi, mwingine anatafuta mtumba ulio karibu, Dar, Mombasa, viwanda vya jirani. Usingoje moja ishindwe ndo uanze nyingine. Mpya iliyolala ya nje iwe oda ya tatu, na hata ukifanikiwa kuwasha usiifute, hiyo ndo inakuwa spea yako.

Kama mashine inafanya kazi na una S5 au PLC-5, hesabu yako ni ya miaka. Mashine itafungwa ndani ya miaka mitatu? Mtumba na matengenezo vinatosha, usiwekeze kwenye mpya ya bei kubwa. Itaendelea miaka 10? Anza kuandika bajeti ya kubadili sasa, na mtumba ukuvushe mpaka hapo.

Kama una S7-300 huna haja ya kukimbia, ila 2033 haiko mbali kwa bajeti za viwanda. Nunua mpya za CPU na moduli za mawasiliano wakati bado zinatoka kwa mwenye mali, I/O unaweza kuzitegemea mtumba kwa sababu zipo nyingi.

Kama ni shamba la mkonge na paneli ya korona yako (mashine ya kukamua mkonge) ni kontakta, rilei na taima bila PLC yoyote, haya mengi hayakuhusu. Nunua kontakta na taima za kisasa zenye koili ya volti ileile, chora upya mchoro wa waya, basi.

Kama wewe ni fundi na bosi hataki kusikia habari ya kununua kitu ambacho hakijaharibika, usimpelekee bei ya kadi. Mpelekee karatasi moja yenye mistari michache: jina la kadi, mwaka ilipoachwa kutengenezwa, siku za kuipata, hasara ya kila siku. Mhasibu awe amezikagua hizo namba za hasara kabla hujaingia ofisini, kwa sababu kitu cha kwanza bosi atakachouliza ni nani kazitoa.

Na kama kiwanda kina mtu mmoja tu anaejua kuingia kwenye hiyo PLC, kabla ya kadi yoyote mpangie kijana wa kukaa nae, wafungue laptop ya zamani pamoja, kijana apakue programu na kuirudisha kwenye raki ya mezani kwa mkono wake mpaka aweze peke yake.